FreeBSD kwenye kompyuta ya mezani: jifunze kurudi nyuma kabla hujajifunza kusasisha

Niliowaona wakiiacha FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, karibu wote hawakuiacha siku ya kuisakinisha. Siku hiyo mtu huwa na hamu, hata akikwama hucheka. Waliiacha miezi miwili mitatu baadaye, siku walipoandika amri ya kusasisha, wakawasha upya, skrini ikabaki nyeusi. Hawakujua kilichobadilika wala njia ya kurudi walikotoka, basi wakafuta diski nzima na kurejea kwenye mfumo wao wa zamani.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kinyume na mazoea. Usakinishaji tutaupita mbiombio. Tutakaa zaidi kwenye kusasisha, na kabla ya kusasisha tutajifunza kurudi nyuma.

Ujue kwanza una mifumo miwili ndani ya mmoja

FreeBSD ni uzao wa BSD, ile Unix iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Jina FreeBSD lilichaguliwa Juni 1993 na toleo la kwanza likatoka Novemba mwaka huohuo. Historia hiyo ina jambo moja linalokuhusu kila wiki: kerneli (kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa) na zana za msingi (ganda la amri, kihariri, zana za mtandao, miongozo) hutengenezwa pamoja, kutoka chanzo kimoja, na hutolewa pamoja kwa namba moja ya toleo. Huo ndio mfumo wa msingi. Vingine vyote, kuanzia eneokazi (madirisha na menyu za kubofya) na kivinjari hadi kicheza video, huja kando kama vifurushi.

Sehemu hizi mbili hazikai pamoja kwenye diski. Mfumo wa msingi uko kwenye `/bin`, `/sbin`, `/usr/bin`, `/etc` na jirani zake. Vifurushi karibu vyote viko chini ya `/usr/local`, pamoja na faili zao za mipangilio ndani ya `/usr/local/etc`. Ukitaka kujua kitu ni cha upande gani, uliza:

```
$ which ee
/usr/bin/ee
$ which firefox
/usr/local/bin/firefox
```

`ee` ni kihariri cha mfumo wa msingi, `firefox` ni kifurushi. Cha kwanza husasishwa na `freebsd-update`, cha pili na `pkg`. Anayetoka Linux, alikozoea amri moja kusasisha kila kitu, hujikwaa hapa: anaendesha `pkg upgrade` kila wiki kwa uaminifu, huku mfumo wake wa msingi haujaguswa mwaka mzima na una matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa zamani.

Usakinishaji, kwa kifupi

Tafuta kompyuta ya biti 64 ambayo data yake haikuumi ikipotea, yenye kumbukumbu ya GB 4 angalau. GB 8 itakufanya upumue. Kama unaweza, unganisha mtandao kwa kebo. Waifai ndiyo sehemu dhaifu ya FreeBSD: kadi nyingi zinafanya kazi, lakini baadhi hufanya kazi kwa mwendo wa kobe na nyingine hazitambuliki kabisa. Bila kebo, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB huku ikigawa intaneti kwa kawaida huonekana kama kadi ya mtandao yenye jina `ue0`.

Pakua faili lenye neno `memstick` kutoka tovuti ya mradi, pamoja na faili la alama za uhakiki. Linganisha kwa `sha256sum` ukiwa Linux, au `sha256` ukiwa FreeBSD. Usiruke hatua hii. Faili lililokatika katikati ya upakuaji hutoa makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji, nawe utapoteza jioni nzima ukilaumu diski. Kisha liandike kwenye flashi:

```
# dd if=FreeBSD-14.3-RELEASE-amd64-memstick.img of=/dev/da0 bs=1M conv=sync
```

Kwenye Linux flashi mara nyingi huitwa `/dev/sdb` au `/dev/sdc`. Hakikisha mara mbili, kwa sababu `dd` haiulizi swali lolote kabla ya kufuta.

Kisakinishi chenyewe ni cha maandishi na hujieleza vizuri. Maswali machache tu ndiyo yenye uzito:

Kwenye kugawa diski, chagua Auto (ZFS). ZFS ni namna ya kupanga faili kwenye diski, na hifadhi yake huitwa bwawa. Kwa diski moja, aina ya bwawa ni stripe. Usichague UFS, namna nyingine ya kupanga faili, hata kama umesikia ni nyepesi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwongozo huu inategemea ZFS.

Ukitengeneza akaunti yako, kisakinishi kitauliza kama uongezwe kwenye makundi mengine. Andika `wheel video`. Bila `wheel` hutaweza kuwa msimamizi kwa amri ya `su`, na bila `video` eneokazi litakwenda kwa kusuasua bila msaada wa kadi ya picha.

Katika matoleo ya familia ya 15 unaweza kuulizwa kama mfumo wa msingi nao usakinishwe kwa vifurushi. Chagua Distribution Sets. Ile njia nyingine inafuata amri tofauti na zilizomo humu.

Usiku wa kwanza: terminali tupu

Ukiwasha, utakuta maandishi meupe kwenye weusi. Hakuna kilichoharibika. FreeBSD haiji na eneokazi. Inakuachia ulichague mwenyewe. Ingia kwa jina lako, kisha uwe msimamizi:

```
$ su -
```

Alama ya `$` mwanzoni mwa mstari ikigeuka `#`, sasa una mamlaka yote. Katika mwongozo huu amri zenye `#` ni za msimamizi, zenye `$` ni za mtumiaji wa kawaida, na alama zenyewe huziandiki.

Kaa hapo kidogo kabla ya kukimbilia madirisha. Jaribu `man hier`, ambayo inaeleza kila saraka ya mfumo ni ya nini. Shuka kwa kitufe cha nafasi, toka kwa `q`. Miongozo ya `man` ya FreeBSD imeandikwa na watu wanaojali, na mara nyingi jibu unalolitafuta kwa saa nzima mtandaoni liko humo tayari, likilingana na toleo lako hasa. Jizoeze `ee` pia: menyu yake inaonekana juu ya skrini, na kitufe cha Esc kinatoa njia ya kuhifadhi na kutoka. Siku eneokazi litakapogoma, `ee` na `man` ndivyo vitakavyobaki nawe.

Eneokazi

Napendekeza XFCE kwa anayeanza. KDE ni nzuri zaidi machoni, lakini XFCE ina sehemu chache za kuharibika, na lengo letu kwanza ni kuelewa.

```
# pkg install xorg xfce lightdm lightdm-gtk-greeter
# pkg install drm-kmod
```

Mara ya kwanza `pkg` yenyewe haipo. Itauliza kama ijisakinishe, jibu `y`. `xorg` huleta madirisha, `lightdm` huleta skrini ya kuingilia, na `drm-kmod` ina moduli za kerneli, yaani vipande vya kuiongezea, kwa kadi za picha za Intel na AMD. Wenye kadi za NVIDIA hutumia `nvidia-driver` badala yake.

Hapa ndipo wengi hujifunga kamba shingoni. Wanaandika moduli ya picha kwenye mipangilio ya kudumu kabla ya kuijaribu, halafu kompyuta inaganda kila inapowashwa. Ijaribu kwanza kwa mkono:

```
# kldload i915kms
```

Hiyo ni ya Intel. Ya AMD ni `amdgpu`. Skrini itazimika kwa nukta moja kisha maandishi yatarudi yakiwa madogo na makali zaidi. Hiyo ndiyo dalili njema. Ikiganda, bonyeza kitufe cha umeme mpaka izime, washa tena, na utarudi ulipokuwa kwa kuwa hukuhifadhi chochote. Ikikubali, ndipo uifanye ya kudumu:

```
# sysrc kld_list+=i915kms
# sysrc dbus_enable=YES
# sysrc lightdm_enable=YES
# shutdown -r now
```

`sysrc` huandika kwenye `/etc/rc.conf`, faili moja la maandishi linalosema huduma zipi ziwake. Ukilisoma kwa `cat /etc/rc.conf` utaelewa kompyuta yako inafanya nini kwa dakika moja. Kwangu mimi faili hilo peke yake ni sababu tosha ya kuupenda mfumo huu.

Ulisahau kuandika `video` wakati wa kusakinisha? `pw groupmod video -m jina`, ukiweka jina lako la kuingilia, kisha toka na uingie tena.

Malizia na unavyovihitaji: `pkg install firefox libreoffice vlc`. Sauti ikikosekana, mara nyingi haikukosekana; inatoka kwenye waya wa HDMI badala ya spika. Angalia `cat /dev/sndstat`, tafuta namba ya kifaa unachokitaka, tuseme `pcm1`, kisha:

```
# sysctl hw.snd.default_unit=1
```

Ikikubali, ongeza mstari `hw.snd.default_unit=1` kwenye `/etc/sysctl.conf` ili idumu.

Mlango wa kurudi

Sasa una kompyuta inayofanya kazi. Ndiyo saa ya kujifunza kurudi nyuma, maana sasa unapo mahali pazuri pa kurudi.

Kwa sababu ulichagua ZFS, mfumo wako unaishi ndani ya kile FreeBSD inachokiita mazingira ya kuwasha. Ni picha kamili ya mfumo unayoweza kuwashia kompyuta. Sasa hivi unayo moja:

```
# bectl list
BE      Active Mountpoint Space Created
default NR     /          8.1G  ...
```

`N` maana yake ndiyo inayotumika sasa, `R` ndiyo itakayotumika ukiwasha upya. Tengeneza ya pili:

```
# bectl create kabla
```

Inamalizika papo hapo na haichukui nafasi yoyote ya maana, kwa sababu ZFS hainakili data. Inakumbuka tu hali ilivyokuwa na kuhifadhi tofauti zitakazojitokeza kuanzia hapo. Nafasi itatumika kadiri mfumo unavyobadilika.

Usiniamini kwa maneno, lifanyie jaribio. Futa Firefox kwa makusudi:

```
# pkg delete firefox
# shutdown -r now
```

Kwenye menyu ya kuwasha yenye mchoro wa FreeBSD, ingia kwenye Boot Environments, chagua `kabla`, kisha endelea kuwasha. Fungua eneokazi: Firefox ipo. Alamisho zako zipo pia, na faili ulizohifadhi dakika tano zilizopita zipo. Sababu ni kwamba `/home` ni hifadhi ya pekee ya ZFS isiyomo ndani ya mazingira ya kuwasha. Kilichorudi nyuma ni mfumo na vifurushi, pamoja na daftari la `pkg` linalokumbuka nini kimesakinishwa. Kazi zako zimebaki mbele.

Kutoka hapa una njia mbili. Ukitaka `kabla` iwe ndiyo nyumba yako mpya, andika `bectl activate kabla`. Ukitaka kurudi kwenye `default` iliyokosa Firefox, washa upya bila kuchagua chochote.

Fanya jaribio hili leo, mikono ikiwa imetulia. Atakayelifanya kwa mara ya kwanza siku ya skrini nyeusi atakuwa anasoma mwongozo huu kwenye kioo cha simu huku jasho likimtoka.

Tahadhari moja: hii si nakala rudufu. Diski ikifa, mazingira yote ya kuwasha yanakufa nayo. Faili zako ziwe na nakala kwenye diski nyingine.

Viraka vya mfumo wa msingi

```
# freebsd-update fetch
# freebsd-update install
```

Amri ya kwanza inapakua, ya pili inaweka. Baada ya kupakua utaonyeshwa orodha ndefu ya faili zitakazobadilika, na mgeni hudhani kompyuta imekwama. Haijakwama, inasubiri uisome. Bonyeza `q`. Huenda orodha ikaja nyingine; `q` tena.

`freebsd-update install` kwa kawaida hutengeneza mazingira ya kuwasha yenyewe kabla ya kugusa kitu, yakibeba jina la toleo na tarehe. Siku moja ukikuta `bectl list` imejaa majina usiyoyakumbuka, ndiyo hayo.

Kisha uliza uko wapi:

```
$ freebsd-version -kru
```

Mistari mitatu itatoka. Wa kwanza ni kerneli iliyo kwenye diski, wa pili ni kerneli inayoendesha kompyuta sasa hivi, wa tatu ni zana nyingine za msingi. Kama wa kwanza na wa pili vinatofautiana, hujawasha upya. Kama wa tatu una namba kubwa zaidi, mfano `-p5` huku kerneli ikisema `-p3`, hakuna kosa: viraka viwili vya mwisho havikugusa kerneli. Swali hili huulizwa na wageni kila mara, na wengine husakinisha upya mfumo mzima kwa sababu ya namba hizo.

Kama wewe ni msahaulifu, weka mstari huu kwenye `/etc/crontab`:

```
@daily root freebsd-update cron
```

Utapakua viraka kila siku, baada ya kungoja muda wa nasibu, na kumtumia msimamizi ujumbe vikiwepo. Hautasakinisha. Uamuzi unabaki wako.

Vifurushi

Tofauti na `freebsd-update`, `pkg` haikutengenezei mlango wa kurudi. Utengeneze mwenyewe:

```
# bectl create kabla-ya-vifurushi
# pkg upgrade
```

`pkg` itapakua orodha mpya kutoka ghala, ipige hesabu, kisha ikuonyeshe inachokusudia kufanya. Hapa usibonyeze `y` kwa mazoea. Macho yako yatafute sehemu moja tu: vifurushi vitakavyoondolewa. Kusakinisha vipya na kupandisha vya zamani ni jambo la kawaida. Lakini ukiona `pkg` inataka kuondoa `xfce` au `libreoffice`, jibu `n`.

Si kwamba `pkg` imerukwa na akili. Vifurushi hujengwa kwa makundi makubwa kwenye mashine za mradi, na mara mojamoja kimoja hushindwa kujengeka. Kikikosekana ghalani huku kile ambacho chenyewe hukitegemea kimepanda toleo, `pkg` haioni njia nyingine ila kukiondoa. Subiri siku chache ujaribu tena. Mara nyingi kinakuwa kimerudi.

Ghala la kawaida baada ya kusakinisha ni la robo mwaka. Huanzishwa upya kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na katikati hupokea hasa marekebisho ya usalama na ya hitilafu. Lipo jingine linaloitwa `latest` ambalo hubadilika muda wote. Utashawishika kuhamia huko siku utakapoona programu yako iko nyuma toleo moja. Kwa mwaka wa kwanza, vumilia kwenye robo mwaka, lakini wiki ya kwanza ya robo mpya utegemee masasisho mengi kwa mpigo na uwe na mlango wa kurudi.

Amri nyingine za kukaa nazo karibu:

`pkg audit -F` hupakua orodha ya udhaifu unaojulikana na kukuambia kama kifurushi chako chochote kimo. `pkg autoremove` huondoa vilivyoletwa kama tegemezi na havihitajiki tena. Isome orodha yake kabla ya kukubali. `pkg which /usr/local/bin/kitu` hukuambia faili ni la kifurushi gani. Na `pkg info -D jina` hurudia ujumbe uliopita kasi wakati wa usakinishaji, ule ambao kila mtu huupuuza, kumbe ndani yake kulikuwa na hatua ya lazima.

Kupanda toleo

Kutoka 14.2 kwenda 14.3 ni hatua ndogo. Kutoka 14 kwenda 15 ni kubwa. Huwezi kuikwepa milele, kwani toleo dogo hupokea viraka kwa miezi mitatu tu baada ya jingine kulifuata. Baada ya hapo `freebsd-update` inaanza kukuonya kwamba muda umekwisha.

Anza kwa kuweka viraka vyote vya toleo ulilo nalo. Kisha chagua kihariri unachokijua, maana usipochagua utatupwa ndani ya `vi`, na si kila mtu anajua kutoka humo:

```
# export EDITOR=ee
# freebsd-update -r 14.3-RELEASE upgrade
```

Upakuaji unaweza kuwa mrefu. Baadaye programu italinganisha faili za `/etc` ulizozihariri na zile za toleo jipya. Ikiweza kuziunganisha yenyewe, itakuonyesha matokeo na kuuliza kama yanaonekana sawa. Isipoweza, itakufungulia faili likiwa na alama hizi:

```
<<<<<<< current version
...mistari yako...
=======
...mistari mipya...
>>>>>>> 14.3-RELEASE
```

Kazi yako ni kubakiza mistari inayotakiwa, na kufuta alama zote tatu. Zote. Mara yangu ya kwanza nilijibu `y` kwa kila swali ili nimalize upesi. Alama zikabaki ndani ya faili moja la huduma, nami nikatumia usiku kucha kutafuta kwa nini mtandao hauwaki, nikishuku kebo, ruta, hata kadi yenyewe. Kuwa mwangalifu kupita kiasi ukifika `/etc/master.passwd` na `/etc/group`: humo ndimo akaunti yako ilimo, na ukibakiza upande mpya peke yake unajifuta mwenyewe.

Sasa usakinishaji, ambao ni wa hatua tatu zinazofanana kwa sura lakini kila moja ina kazi yake:

```
# freebsd-update install
# shutdown -r now
# freebsd-update install
# pkg upgrade
# freebsd-update install
```

Ya kwanza huweka kerneli mpya. Unawasha upya ili ianze kutumika, kwani zana mpya huenda zisielewane na kerneli ya zamani. Ya pili huweka zana na maktaba mpya lakini huziacha za zamani mahali pake. Ya tatu huzifuta za zamani. Vifurushi husasishwa katikati ya ya pili na ya tatu, vikiwa bado na maktaba za zamani za kuegemea. Ukiifanya ya tatu mapema katika hatua kubwa, programu zako zitakufa kwa pamoja, na `pkg` yenyewe huenda ikawa miongoni mwa marehemu. Kwa sababu hiyo, katika hatua kubwa tumia `pkg-static upgrade -f` mahali pa `pkg upgrade`: `pkg-static` haitegemei maktaba yoyote ya nje, na `-f` hulazimisha kila kifurushi kisakinishwe upya kwa ajili ya toleo jipya.

Skrini nyeusi inayozungumzwa sana huzaliwa hapa. Moduli ya picha ni kifurushi, lakini hujengwa kwa kulenga kerneli fulani. Ukibadilisha kerneli, moduli ya jana inaweza kuikataa. Kwa hiyo kabla ya ile `shutdown -r now` mimi huiondoa kwa muda, pamoja na LightDM:

```
# sysrc kld_list-=i915kms
# sysrc lightdm_enable=NO
```

Kompyuta inawaka kwenye maandishi tupu, namaliza hatua zote, nasasisha vifurushi, najaribu `kldload i915kms` kwa mkono kama siku ya kwanza, na ikikubali narudisha mistari yote miwili. Dakika mbili za ziada. Ikikataa hata baada ya vifurushi kusasishwa, basi ghala halijapata moduli ya toleo jipya; rudi kwenye mazingira ya kuwasha ya zamani kwa `bectl activate`, ufanye kazi zako, ujaribu tena wiki nyingine.

Jambo moja usiguse. Baada ya kupanda toleo, `zpool status` inaweza kukuambia kwamba bwawa lako halijawashiwa vipengele vipya, na kukushauri uendeshe `zpool upgrade`. Inasikika kama sasisho jingine tu. Siyo. Ukiwasha vipengele hivyo, kipakiaji cha zamani (programu ndogo inayouwasha mfumo) kinaweza kushindwa kulisoma bwawa, na mazingira yako ya zamani ya kuwasha yanaweza kukosa maana. Bwawa linafanya kazi vizuri tu bila vipengele hivyo. Liache mpaka uwe na hakika hurudi nyuma na umekwisha kusasisha kipakiaji cha kuwashia kwenye diski.

Likikushinda

Kabla ya kuuliza mtu, kusanya ushahidi. `dmesg` inaonyesha kerneli iliona nini wakati wa kuwaka. `/var/log/messages` ina malalamiko ya huduma, `/var/log/Xorg.0.log` ina ya madirisha. Mistari yenye `(EE)` ndiyo ya makosa. `pciconf -lv` huorodhesha vifaa kwa majina yao halisi. Ongeza na matokeo ya `freebsd-version -kru`. Ukiuliza ukiwa na hivi vitano mkononi, anayejua atakujibu kwa sentensi moja.

Kile ninachokiendesha kila Jumamosi

Nimeyakusanya ya kila wiki kwenye faili moja, `/usr/local/sbin/sasisha`:

```
#!/bin/sh
bectl create "kabla-$(date +%Y%m%d-%H%M)" || exit 1
freebsd-update fetch install
pkg upgrade
pkg audit -F
freebsd-version -kru
bectl list
```

Lipe ruhusa kwa `chmod 755 /usr/local/sbin/sasisha`, kisha liendeshe ukiwa msimamizi. Mstari wa kwanza ukishindwa, hakuna kinachofuata. Sitaki kusasisha bila mlango. Sikuweka `-y` kwenye `pkg upgrade`, kwa makusudi, ili ile orodha ya vinavyoondolewa inilazimishe kusoma.

Mazingira ya zamani yafutwe, kwa kuwa kila moja linashikilia faili ambazo mfumo umekwisha kuzibadilisha na diski itajaa polepole. Mimi hubakiza matatu: la leo, la wiki iliyopita, na moja la toleo lililotangulia mpaka nimekaa mwezi mzima bila tatizo. Mengine huenda kwa `bectl destroy` na jina lake, baada ya kuangalia kwenye `bectl list` kwamba halina `N` wala `R`.